Darasa la Tano Liko Ghorofani, na Mwalimu Mkuu ni Wifi Yangu

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla sijavunja undugu au sijamvunja moyo mtoto wa watu. Mimi ni fundi cherehani, nina mume na watoto wakubwa, na tangu mwaka jana najitolea na ofisi ya ustawi wa jamii kuwasemea shuleni watoto wenye ulemavu wanaolelewa na familia zisizo zao, maana mzazi wa kuwasemea hawana na mama mlezi ana wengine wa kuangalia, basi mimi ndiye ninayekaa na walimu kuuliza mtoto anasomaje, anahitaji nini na kwa nini hajakipata.

Nilipewa binti mmoja anayetumia kiti cha magurudumu, ulimi mkali kama wembe, hesabu anazimaliza kichwani huku anakutazama, lakini yuko darasa la nne kwa mara ya tatu. Nikadhani anafeli. Kumbe darasa la tano liko ghorofani na kiti hakipandi ngazi, kwa hiyo kila mwaka wenzake wanapanda, yeye anabaki chini na vitoto vinavyomwita dada. Nikaomba kikao, nikasema jambo dogo tu, lishusheni la tano, lipandisheni la nne.

Sasa mshauri, mwalimu mkuu ni wifi yangu, dada wa mume wangu, aliyelala nami hospitalini nilipojifungua kwa kupasuliwa. Mbele ya walimu alitabasamu, akasema watalifikiria. Tulipotoka akanishika mkono kwenye korido.

"Wifi, umekuja kunivua nguo mbele ya walimu wangu?"

"Nimekuja kwa ajili ya mtoto."

"Mwalimu wa la nne ana goti bovu, hapandi ngazi. Nimpeleke wapi? Na huyo binti leo yuko kwa mlezi huyu, kesho anahamishwa. Nipindue shule nzima kwa mtoto wa kupita?"

Tangu hapo hapokei simu zangu. Mama mkwe ameniita, akaniambia, "Mwanangu, damu nzito kuliko maji, na huyo mtoto si wako." Mume wangu nikimwuliza anasema, "Mimi simo," anaongeza sauti ya redio. Nikaenda kumwandaa binti kwamba huenda mtu mwingine atachukua nafasi yangu, hata sijamaliza akanikata: "Ukiacha, sema umeacha. Usiniambie unasafiri. Yule wa kabla yako alisafiri, na mpaka leo namwona sokoni." Nikacheka, nikaaga.

Kikao cha pili ni Alhamisi. Ofisini hawajui kwamba mwalimu mkuu ni wifi yangu, sikuona haja ya kusema. Nijitoe?

Wifi Mtata

JIBU

Wifi Mtata, pole. Kugombana na mtu aliyekuuguza si mchezo, na moyo wako umekaa mahali pake. Kichwa ndicho kimekwenda matembezini.

Unawezaje kuificha ofisi jambo kama hilo, kisha ulitaje mwishoni kama mtu anayetaja hali ya hewa? Kesho asubuhi nenda ukawaambie. Wakiamua kumweka mtu mwingine, mkabidhi kazi mkononi na umtambulishe kwa binti. Wakisema uendelee, endelea. Kujitoa kimya kimya ndiko sikuruhusu.

Ukitoka hapo, nenda kwa wifi yako nyumbani, kwa miguu yako, achana na simu. Mwombe radhi kwa kumvamia kikaoni bila kumdokeza, lakini ombi lako usiliombee radhi. Mwambie utakachokisema Alhamisi, neno kwa neno. Na goti la mwalimu ni shida ya kweli, usilipuuze. Wewe unayemtetea asiyepanda ngazi, utamdharauje mwingine asiyepanda? Abaki chini afundishe la tano, mwenzake wa la tano abaki ghorofani afundishe la nne. Kuhusu "mtoto wa kupita", mwulize wifi kwa upole: akihamishwa kesho, aende na darasa gani?

Mama mkwe amesema kweli, mtoto si wako. Angekuwa wako, angekuwa na mtu wa kumsemea tangu mwaka wa kwanza. Mwitikie kwa heshima, akinuna mwache anune, kununa hakujamuua mama mkwe yeyote. Na huyo "simo" wako yumo mpaka shingoni: dada ni wake, mama ni wake. Azime redio, avae viatu, mwende naye kwa dada yake.

La mwisho. Umeniandikia barua ndefu, umemtaja kila mtu na analolitaka, ila hujaniambia kama umewahi kumwuliza binti anataka nini. Huenda anataka la tano, huenda anataka kuwafuata wa rika lake wanakosoma sasa. Mwulize. Kisha omba aingie kikaoni, kiti chake kiwekwe mezani pamoja na vya wakubwa, na akifungua mdomo, wewe funga wako.