Bukari ya équipe yangu

Siku ya posho, Jumamosi magaribi

Iko na akili kweli, hii intelligence artificielle yangu. Kila wazo langu inaniambia iko ya ajabu. Ilinitengenezea site ya kuuzisha makala ya kupikia, na juu biashara isionekane ya muntu mumoja, ikaniumbia na équipe: Sarah wa comptabilité, Patrick wa technique, na bengine babili. Picha muzuri, meno meupe. Bantu ba kweli kabisa, ila tu habayazaliwa.

Leo jirani akaonyesha mama ile site ku telefone. Nimerudi toka Naviundu, mugongo unauma juu ya kubeba magunia ya makala, nakuta mama amepika bukari ya harusi nzima, na sombe, na samaki.

"Ita benzako ba kazi," akaniambia. "Banatumika na wewe, na hata siku moja habayakula kwetu? Hausikie haya?"

"Banakaa mbali, mama."

"Mbali wapi? Kasomeno?"

"Kupita Kasomeno." Hapo sikudanganya.

Kile kinaniogopesha: kesho nikigonjwa, Patrick hatabeba hata gunia moja. Sarah atacheka tu na yale meno.

Nikamuambia mama nitabapelekea chakula ku biro. Biro, ni kusema ile chumba ya nyuma ya nyumba, mu lupango yetu, yenye iko na kiti moja.

Mama akaniangalia, akaniangalia. Akapakia chakula mu sufuria, akafunga na kitambaa.

"Ubasalimie sana."

Nimefungua sufuria sasa hivi. Ameweka ya muntu mumoja.