Bastola ya Tatu

Yaya Murielle, dada yangu,

Huku Troyeville baridi imeanza, lakini mimi ni mzima. Nimepata kibali cha bastola ya tatu, rivolva ya zamani yenye mpini wa mbao. Jumamosi naipeleka kwenye uwanja wa shabaha. Unakumbuka tulivyojificha chini ya kitanda kule Uvira, risasi zikilia nje? Hapa mlio unatoka ninapotaka mimi. Wenzangu wa pale wananiambia "sharp!", yaani safi, kisha kila mtu anaenda kwake.

Umeniuliza habari za mke wangu. Arlène amehamia La Rochelle, mtaa mwingine wa jiji hili hili. Anasema hawezi kulala nyumba moja na silaha. Jana alikuja kuchukua mablanketi. Ufunguo bado anao, Yaya, lakini alisimama nje akaita: "Ni mimi, Arlène. Usipige risasi."

Mdogo wako,
Ezéchiel