Volti Ishirini na Nne Zilizopotea

Jumatatu, 15 Julai
Kidato cha Tatu, somo la ukinzani. Volti gawanya kwa ampea. Wamenakili. Nimerudi chumbani nilikopanga, Tetu, katika ukungu. Hita imechukua muda mrefu mno kuchemsha maji ya kuoga. Nje ya shule sizungumzi na mtu isipokuwa Mama Wambui, mwenye nyumba. Ndiye pekee hapa anayeniuliza habari za kwetu Vihiga.

Jumanne, 16 Julai
Nimeazima mita ya maabara. Hita ikiwa imezimwa: volti 240. Ikiwaka: volti 216, ampea 8. Ukinzani wa hita, omu 27. Nguvu yake, wati 1,728. Volti 24 zimepotea njiani. Huenda mtaa mzima una stima hafifu. Huenda mita ni mbovu.

Jumatano, 17 Julai
Mita si mbovu. Nimeomba kupima sebuleni kwa Mama Wambui huku hita yangu ikiwaka: 240 kamili. Hasara basi iko kwenye waya unaotoka kwake kuja chumbani kwangu. 24 gawanya kwa 8: omu 3. Waya wa urefu ule haupaswi kuzidi omu 1. Omu 2 zimejificha mahali pamoja, yaelekea kwenye kiungo, pale waya ulipoungwa. Nane mara nane mara mbili: wati 128. Joto la balbu kubwa ya zamani, ndani ya kitu kisichozidi kidole. Na waya unapita darini mwa zizi, juu ya nyasi kavu za ng'ombe. Nimekokotoa mara nne. Natamani niwe nimekosea.

Alhamisi, 18 Julai
Nimemwambia Mama Wambui. Alikuwa akikamua, hakugeuka. Waya ule uliunganishwa na marehemu mumewe, akaufunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, kama wanavyofunga kila kitu hapa. Ilikuwa kazi yake ya mwisho.
"Hiyo waya ni Baba Wambui aliweka na mkono yake, mwalimu. Miaka saba. Ati ni leo imekuwa mbaya, juu ya hesabu?"
Nilimwonyesha daftari, kana kwamba lingemtuliza.

Ijumaa, 19 Julai
Nimeoga maji baridi ili nisiwashe hita. Nikajiona mwema. Kisha nikasikia mashine ya kukata nyasi ikinguruma zizini. Inatumia waya ule ule. Wema wangu haukuzuia chochote. Nilikwenda nikamwamuru Mama Wambui azime. Nilipaza sauti. Alizima, akanitazama kama mtu asiyenijua.

Jumamosi, 20 Julai
Fundi wa stima amekuja. Mama Wambui alimwita mwenyewe, bila kuniambia. Swichi kuu ilizimwa. Kiungo kilikuwa darini: mpira umeyeyuka, shaba imekuwa nyeusi, nyasi zilizokigusa zimebabuka. Fundi alicheka, akasema, "Mama, hii ilikuwa inakungoja tu." Mama Wambui hakucheka. Aliokota kipande cha mpira kilichosalia, akakifunga katika ncha ya leso. Sikujua nitazame wapi.

Jumapili, 21 Julai
Kiungo kipya cha fundi: volti 231, hita ikiwaka. Kama nilivyotarajia; tisa zinazopungua ni za waya wenyewe.
Mama Wambui alirudi kutoka kanisani adhuhuri. Nilimsalimu nikiwa mlangoni. Hakuitikia. Nimeandika hapa kwamba amenichukia, kisha nimefuta. Upepo ulikuwa mkali, naye alikuwa upande wa pili wa zizi. Inawezekana hakusikia.