Kishikio cha mbele cha bastola yangu

Opaline, shoga, nimetoka uwanja wa shabaha sasa hivi, nimeaibika mpaka masikio.

Kile kishikio ulichoniletea, nikakifunga wima mbele ya bastola kwa ajili ya mikono yangu inayotetemeka? Leo, siku ya mashindano ya akina mama pale uwanjani, nimekwenda kujishaua nacho.

Lonnie msimamizi, yule aliyekuwa polisi, akakitazama. "Bibi Verlene, nani kakufungia hiki?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi kisheria hii si bastola tena. Bastola ni ya mkono mmoja. Ukiweka kishikio cha wima mbele, inakuwa silaha ya aina nyingine, ulitakiwa upate kibali kwanza. Watu wanafungwa kwa hili."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Mimi, mwalimu wa shule ya Jumapili, jela!

Nikageuza maneno upesi, eti alikifunga marehemu mume wangu.

"Bibi, jeneza la Clyde nilibeba mimi. Bastola hii umeinunua juzi, nami nilikuwepo."

Ona ulimi wangu ulivyoniumbua. Lakini wewe sikukutaja.

Akanipa bisibisi. "Kitoe sasa hivi, usikirudishe tena." Nimekitoa natetemeka kuliko siku zote.

Nikamwuliza kwa sauti ndogo, na nikiishika kwa mikono yangu miwili?

"Hiyo kakufungia Mungu. Sheria haina neno nayo."

Nikafyatua. Risasi ikaenda kwenye shabaha ya Darla, mshindani wangu wa pembeni, katikati kabisa. Darla kapewa pai ya ushindi, kaila mbele yangu, hata kipande hakunimegea.