Povu Kwenye Dumu

Jumatatu, 4 Machi
Nina miaka sitini na tisa. Nimezika wake wawili, nimezika wauza nyama wenzangu wote wa soko letu, na fahali aliyenipiga pembe ubavuni tulimla siku hiyohiyo. Mimi nipo! Kalamu siipendi, ila leo naandika, jambo ni kubwa.

Mwanangu figo zimekufa. Zote mbili. Miguu imevimba kama magogo, na kila mara anafungwa kwenye mashine imsafishe damu. Nikasema mbele ya ukoo mzima: mnahangaika nini? Baba yake nipo, nitampa yangu moja. Mkwe wangu, mke wake, akasema hata yeye yuko tayari kupimwa. Nikamkatalia. Kaa chini, mama. Nyumba hii ina dume.

Jumatano, 6 Machi
Kliniki. Daktari, binti mdogo kabisa, akatoa picha ya figo anifundishe. Mimi! Nikamwambia nimezishika figo kabla mama yako hajazaliwa. Ziko mgongoni, chini ya mbavu, zimevikwa mafuta. Ya ng'ombe ina vinundu, ya mbuzi ni laini kama haragwe. Akacheka. Akasema ya binadamu ni kama ya mbuzi, ila kubwa zaidi — na ya kulia imeshuka kidogo, ini limeisukuma. Hilo nilikuwa silijui. Sikumwonyesha.

Ndani mna vichujio vidogo, kila figo kama milioni. Damu inapita, uchafu na maji ya ziada yanateremka kwa mrija hadi kwenye kibofu. Vitu vizuri vinabaki kwenye damu. Kichujio kikichoka, protini inavuja, mkojo unatoa povu.

Akanipa dumu. Mkojo wote wa mchana na usiku uingie humo, hata tone lisipotee. Nikalificha ndani ya koti kama mwizi wa kuku.

Alhamisi, 7 Machi
Choo ni kimoja, mkwe yuko ukumbini anafagia. Napita na dumu kwenye mfuko. Anauliza, Baba, umenunua nini? Mafuta ya taa, nasema. Nyumba nzima ina umeme!

Jioni nikafungua kifuniko. Povu. Jeupe, kama la kufulia nguo, halikatiki. Na mkojo wenyewe kidogo. Nikakaa kitandani. Nyama mbovu naijua kwa macho, sihitaji picha.

Nikamwaga karibu wote. Nikajaza maji, na chai ya rangi iliyobaki kwenye chupa. Rangi ikakubali kabisa.

Jumatatu, 11 Machi
Daktari ametuita, mimi na mkwe. Akauliza polepole: Mzee, kwenye dumu lako tumekuta majani ya chai. Yamepitia wapi?

Mkwe akatazama sakafu. Nikasema labda maabara yenu haioshi vyombo. Daktari hakubishana. Akasema tu, tungekuamini, Mzee, huenda tungempa mwanao figo inayovuja. Akasogeza dumu jingine mezani.

Njia nzima mkwe hakucheka. Heri angecheka.

Jumanne, 12 Machi
Mwanangu amelazwa. Pumzi inamkata, maji yamepanda kifuani. Akanishika mkono: Baba, wamesema lini? Nikasema bado wanapima, wewe tulia, yangu ni ya chuma. Mdomo huu! Mkwe alikuwa amesimama pale pale, anasikia. Hakunisema mbele ya mgonjwa.

Koridoni ndipo aliponisimamisha. Baba, kama ni wewe, haya. Kama si wewe, nipishe. Mimi nikipimwa hapungui mtu hadhi.

Nilitaka kumkaripia. Nikaenda nyumbani kulitafuta lile dumu jingine.

Jumatano, 13 Machi
Nimejaza dumu la pili. Sikuongeza kitu. Asubuhi hii nimemwita mkwe, nikalifungua mbele yake. Mimi, mkojo wangu, mbele ya mkwe! Nikasema: ona mwenyewe, mama. Hazifai. Nilijua tangu Alhamisi.

Akaangalia, akafunga kifuniko mwenyewe. Akasema, vaa viatu, Baba, na wewe unahitaji daktari. Yuko mlangoni ananingoja, dumu ameshika yeye, wazi, bila mfuko. Yeye anaenda kutoa damu apimwe. Mimi sijui nitaingiaje chumbani kwa mwanangu, niseme nini kwanza. Atakayebisha kwamba leo nimesema kweli, amuulize mkwe wangu. Yeye peke yake alinisikia.