Faili la Corinne

Mtaa wa Birch 418,
Kellersburg, Wisconsin.
9 Februari, 2016.

Mpendwa Shangazi Halina,

Nakusalimu kutoka kwenye theluji hii isiyokwisha. Goti linaendeleaje baada ya upasuaji? Baridi ya huko Alaska inalihurumia? Mimi ni mzima wa mwili. Jumapili nilipika pierogi zako, zile sambusa za kuchemsha za kabichi, zikapasuka zote sufuriani, nikazila hivyo hivyo.

Sasa kesi. Unajua chuo kilininyima ajira ya kudumu baada ya miaka sita ya kufundisha jiolojia, na nisiposhinda, mwezi Mei nahamisha vitabu vyangu. Mwaka mmoja kabla yangu walimpa Corinne Aldrich, mwenye makala chache kuliko zangu. Nikaiomba mahakama iwalazimishe watoe faili lake na langu, pamoja na barua za siri za waliotupima. Walikataa miezi minane. Walipotoa, kurasa zilikuwa zimepakwa wino mweusi, nikabaki na "lakini" na tarehe. Mwishowe jaji akazisoma mwenyewe ofisini kwake, akaamuru tupewe zote bila kufichwa neno.

Nakiri nilifungua lile boksi kwa uchu. Wivu umenikaa rohoni miaka mingi, nilitaka kuona Corinne alivyobebwa. Hakubebwa. Barua zake zote saba zinamsifu.

Kisha nikafungua langu. Watatu walinikubali, wanne wakanikataa. Mmoja wa wale watatu aliandika kurasa mbili nzima, akilalamika kwamba mkuu wa idara aliificha barua nzuri kuliko zote zilizoniunga mkono. Sahihi ni ya Corinne.

Huo ndio ushahidi wa kunirudishia kazi, nami badala ya kufurahi niliumia. Hata kwa utu amenizidi!

Juzi Gus, wakili wangu, akapiga simu. Chuo nacho kinadai kila nilichoandika kuhusu wenzangu.

"Hata barua nilizomwandikia shangazi yangu?"

"Hizo hasa. Ulidhani wao wafungue kabati lao, wewe ufunge lako? Na mtu asichane hata karatasi moja, tutaumbuka."

"Gus, humo nilimwita Corinne nyoka."

"Mara ngapi?"

"Kila Krismasi."

"Mungu wangu, Bernadette!"

Wanataka kumsomea Corinne barua hizo siku ya kutoa ushahidi, ili ajute kunitetea. Bila yeye sina kesi.

Shangazi, nilikaa chini nikuombe uzichome. Usizichome. Zitume zote kwa Gus, anwani yake nimeiandika nyuma ya bahasha. Na hii pia, maana nayo inamtaja. Kesho nitamwendea Corinne nimwambie mwenyewe, kabla hawajamsomea.

Nisalimie Stan na binamu Teresa, na umbusu mtoto wake. Mungu akujalie goti jepesi, na mimi anijalie uso wa kumtazama yule mwanamke.

Mpwa wako akupendaye,
Bernadette