Makofi ya Katikati

Mama yangu, shikamoo.

Natumai goti limepoa na mvua ya Tanga haijakulowanishia bizari uliyoianika. Hapa Mji Mkongwe joto halisemeki, na piano ya hoteli imeliwa na chumvi ya bahari mpaka vibonye vitatu vikibonyezwa havipandi tena. Juu yake wahudumu walikuwa wameweka sinia la vileja vya chai. Nililiondoa mwenyewe.

Leo alasiri nimepiga kile kipande kirefu ambacho mwaka mzima nimekukosesha usingizi kwa kukifanyia mazoezi. Nilipofika katikati tu, msikiti wa jirani ukaadhini. Nikanyamaza, mikono nikaiweka mapajani, kama ulivyonifunza tangu utotoni. Wageni wakadhani nimemaliza. Wakapiga makofi, wakainuka, na adhana ilipokwisha wote walikuwa kwenye meza ya chai. Meneja akaja kunipongeza: "Ahsante sana, dada. Umefanya vyema kutowachosha."

Aliyebaki ni Bi Zuwena, mama anayefagia ukumbi. Alisimama na fagio lake akinitazama. "Mwanangu, mbona humalizii? Mie nnangoja."

Kwa hasira nikamwambia kimekwisha, nikafunga piano. Nimemdanganya mtu pekee aliyekuwa akisikiliza, Mama, na hilo ndilo linaloniuma kuliko chai yao.

Nimekukumbuka sana, usiache kuniombea dua. Majirani wakikuuliza, waambie mwanao alipigiwa makofi. Huo si uongo.

Mwanao,
Rehema